Wazi Saa 12

Nianze na aibu yangu, maana nikiiweka mwisho nitaikimbia. Barua iliyomtoa Bi Mapema kwenye maabara yetu ina sahihi tatu, na ya tatu ni yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Hata kalamu ilikuwa yangu.

Jina la Bi Mapema tulimpa sisi wenyewe, kwa utani. Alikuwa mama wa miaka hamsini na tisa, mfupi, miwani yake ameifunga kwa uzi mweusi nyuma ya shingo. Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, alikuwa getini wakati mlinzi bado anapiga miayo. Sisi wengine tulifika saa mbili, na wengine wetu, simtaji mtu, saa tatu na visingizio mkononi. Tulimkuta ameshavaa koti jeupe, meza imefutwa, vyombo vimepangwa.

"Haya, msomi, karibu," angekuambia. "Dunia nzima ilikuwa inakusubiri wewe tu."

Wote alituita wasomi, na mpaka leo sijui kama alikuwa anatusifu au anatusimanga.

Aliingia pale akiwa mfagizi. Siku moja mwoshaji wa chupa aliugua, yeye akaziosha, na wakubwa wakaona chupa zinang'aa kuliko zilivyotoka dukani. Basi akaachiwa chupa. Baada ya chupa akafundishwa mizani, baada ya mizani tanuri, na mwisho mitungi ya gesi, ambayo hata mimi naiogopa. Miaka thelathini na moja. Cheti hakuwa nacho, ila mkono alikuwa nao, na watu wa kazi hii wanajua ninachosema.

Kuwahi kwake kulianza na mumewe. Mume alikuwa mwoka mikate, anatoka nyumbani kabla ya jogoo, na mkewe anakaa nyuma ya baskeli, anashushwa getini kwetu. Mume alipofariki, tulidhani sasa atakuja kwa saa za binadamu. Wapi! Aliendelea kuja saa ile ile, kwa miguu. Niliwahi kumwuliza kwa nini asilale kidogo.

"Nikibaki kitandani saa hizo namsikia anatafuta baskeli," alinijibu. "Bora niwe njiani."

Kazi yetu ilikuwa tando. Nitaieleza kama nilivyomweleza mama yangu, aliyenisikiliza huku anachambua mchele. Gesi inayotoka kwenye taka zilizooza ni mchanganyiko. Imo methani, ambayo inawaka vizuri, na imo hewa ukaa, ambayo haiwaki na inaufifisha moto. Tulitaka chujio la kuzitenganisha. Tulichukua kigae cha duara, kidogo kama sarafu, tukaotesha juu yake fuwele za zinki zilizoshikana na viungo vya kaboni, mpaka zikafanya utando mweupe, mwembamba, wenye vitundu ambavyo hakuna jicho litakaloviona. Hewa ukaa inapenya, methani inakwama. Mama aliuliza, "Sasa hilo gumu lake nini?" Gumu lake ni ufa. Utando ukipasuka hata kidogo, gesi zote zinapita bila hodi. Ukipima unapata moja kwa moja, yaani hii moja na ile moja, na sisi kwa uchungu tulisema gesi imepita moja kwa moja. Ukimsikia mtu anasema hivyo ujue siku imeharibika.

Za kwangu zilikuwa moja kwa moja kwa miezi minane. Nilikonda. Mkuu wa maabara alipochoka kuniangalia akasema kazi ya kuotesha na kukausha apewe Bi Mapema, mimi nibaki na hesabu na maandishi. Wiki ya tatu nilifika asubuhi nikakuta utando umeshafungwa kwenye mashine ya kupimia. Tulisoma namba: thelathini kwa moja, yaani hewa ukaa thelathini kwa methani moja. Nilimrukia Bi Mapema shingoni mpaka miwani ikamtoka. Akatengeneza mwingine, thelathini. Akatengeneza vigae kumi na saba, na kumi na sita vilikubali.

Ripoti niliiandika mimi, kutoka kwenye daftari lake. Lilikuwa la jalada la bluu, limelainika kwa kushikwa, na maneno yake yalikuwa machache kama ya mtu anayelipia simu ya maandishi kwa kila neno. Sehemu ya kukausha ilisema hivi: "Jioni: osha kwa spiriti, funika. Wazi saa 12. Funga, pima." Mimi nikayavalisha suti. Nikaandika kwamba utando uliachwa wazi kwa muda wa saa kumi na mbili kabla ya kupimwa. Sikumwuliza kitu. Nimwulize nini? Mimi nilikuwa na shahada mbili, yeye alikuwa na daftari.

Ripoti ilisomwa mbali. Maabara nyingine ikaifuata neno kwa neno na kupata moja kwa moja. Wakatuandikia kwa adabu, ile adabu inayochoma. Mkuu akaniambia nirudie mwenyewe. Nikaosha jioni, nikafunika. Nilipoingia kazini saa mbili nikafunua, nikaacha wazi saa kumi na mbili kamili, kiyoyozi kinavuma juu ya kichwa changu. Ufa. Nikarudia mara nne, ufa mara nne. Hapo akilini mwangu lilikuja jibu moja tu, na nasikitika kusema lilikuja haraka: mama huyu amepika namba. Nani alikuwa naye pale alfajiri? Hakuna. Kwa nini awahi hivyo kila siku, mtu asiyelipwa hata dakika moja ya ziada? Jambo tulilokuwa tunalicheka miaka yote likageuka ushahidi.

Ikaundwa kamati ya watu watatu: Mkuu, mkaguzi kutoka utawala, na mimi. Maabara ikafungwa, ufunguo ukakaa kwa mkaguzi. Bi Mapema akaambiwa atengeneze utando mbele yetu. Jioni aliosha, akafunika, tukafunga mlango. Kesho yake mkaguzi alitufungulia saa tatu asubuhi, na mimi nikasoma kutoka kwenye daftari lake mwenyewe, asije akasema tumemgeuzia maneno.

"Wazi saa kumi na mbili," nilisoma.

"Ndiyo," alisema Bi Mapema. "Lakini sasa ni saa tatu."

"Mama, usituletee habari za saa," mkaguzi alisema. "Funua."

Alishika kifuniko, akasita. "Hii siyo saa yake, wazee wangu. Utando ulitakiwa uwe umeshafunuliwa zamani. Niacheni nije mapema kama siku zote, mtaona wenyewe."

"Mapema, ukiwa peke yako, siyo?"

Mkaguzi aliposema hivyo, mimi nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti. "Mambo ya saa njema na saa mbaya tumwachie mganga," nikaongeza.

Bi Mapema alinitazama. Siku ile hakuniita msomi. Alifunua, akaweka kifuniko mezani taratibu, akakunja mikono. Kitu chote alikuwa ameshakisema, kwa Kiswahili safi, mbele ya watu watatu waliozaliwa na Kiswahili, na hakuna hata mmoja wetu aliyekisikia. Saa tatu usiku tulipima. Moja kwa moja.

Barua ilisema anapumzishwa kwa kuwa matokeo yake hayaaminiki. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Alikunja koti lake, akalipitisha kwapani, daftari akaliacha mezani. Hakuna aliyemuaga. Nilisikia hatua zake koridoni na nikajifanya naandika.

Wiki sita zikapita. Jumamosi moja nilienda kwa mama, ambaye alikuwa ametoka kuumwa kifua. Kaka yangu, anayekaa naye, alikuwa ametoka na kuacha karatasi mezani: "Dawa ya mama saa 8." Nilikuwa nimefika saa nne asubuhi. Nikampa mama kidonge, nikahesabu kwa vidole, nikapanga cha pili nimpe saa kumi na mbili jioni. Saa nane mchana kaka akaingia, ananiuliza kama nimeshampa.

"Nimempa saa nne," nilisema. "Kingine jioni."

"Saa nne? Nimeandika saa nane!"

"Ndiyo, kila baada ya saa nane."

"Kila umeiona wapi? Nionyeshe hiyo kila! Saa nane ni saa nane, mchana, sasa hivi! Kidonge ni kimoja tu kwa siku!"

"Sijafa bado," mama alisema kutoka kitandani. "Gombaneni kwa sauti ya chini."

Mimi sikuwa nagombana tena. Nilikuwa nimeishika ile karatasi, na mbele ya macho yangu hakukuwa na dawa wala saa 8. Nilikuwa naona mwandiko mwingine, kwenye daftari la bluu. Wazi saa 12. Siyo muda wa saa kumi na mbili. Saa kumi na mbili asubuhi! Saa aliyofika yeye kila siku ya Mungu. Nikakaa sakafuni pale pale, kaka akadhani nimeugua na mimi.

Jumapili jioni nikaosha kigae, nikafunika. Jumatatu nilifika getini gizagiza.

"Kuna msiba?" mlinzi aliniuliza.

"Upo," nilimwambia. "Nifungulie."

Chumba kilikuwa kimetulia. Joto la jana lilikuwa bado limo, na unyevu wa alfajiri, na hakuna upepo hata wa kutikisa karatasi, kwa sababu kiyoyozi mlinzi hukiwasha saa mbili. Nikafunua. Spiriti ikaondoka yenyewe, polepole, bila kusukumwa. Kiyoyozi kilipoanza kunguruma, utando ulikuwa umeshakauka, mzima. Muda wote ule sisi wasomi tulikuwa tunaufunua na kuupuliza baridi kavu mpaka unapasuka. Mchana mashine ilisoma thelathini na mbili kwa moja. Nilifunika uso kwa koti nikalia, na Mkuu alipokuja nikamwonyesha namba kwa kidole.

Kuandika masahihisho na barua mpya, yenye sahihi zile zile tatu, kulichukua siku nane. Nilimpelekea mwenyewe, saa nne asubuhi. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na mlango wa bluu, na baskeli ya zamani imeegemea ukuta wa uani. Binti yake ndiye aliyefungua.

"Mama amelala," alisema.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Siku hizi anaamka saa tano, saa sita. Yule aliyekuwa anatuamsha sisi sote!" Alinitazama, akajua natoka wapi. "Anasema hakuna kinachomngoja saa hizo."

Aliamshwa. Alitoka bila miwani, kanga begani, akakaa akinitafuta kwa macho. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, basi. Nikamsomea barua yote, mahali penye jina lake nikasoma mara mbili. Nikamweleza habari ya kiyoyozi.

"Kumbe ni kile kidude," alisema. "Mimi sikujua. Mimi nilijua saa tu. Nikichelewa kufunua, unaharibika. Ule mmoja uliokataa, siku ile mvua ilinizuia njiani." Akaninyooshea kidole. "Nilikuambia sasa ni saa tatu."

"Uliniambia, mama."

"Ukacheka."

"Nilicheka. Nisamehe."

Alivuta kanga. "Nimekusamehe, binti yangu. Lakini ukitaka kuniambia nirudi, usiseme. Miguu haiitaki tena ile njia. Miaka yote ile nikipita pale getini nilikuwa najisikia mtu. Siku ile nilitoka nikijisikia mwizi, na njia ni ile ile." Akainuka kwa kushika ukuta, na mlangoni pa chumba akageuka. "Wewe nenda. Ila usiwe unachelewa, utaua tando zangu."

Akarudi kulala. Nilisikia kitanda kikilia.

Sasa ni mwaka wa pili. Ripoti imesahihishwa, na jina lake ndilo la kwanza. Ile maabara ya mbali nayo imepata thelathini. Mimi nafika saa kumi na mbili kasorobo kila siku ya kazi, nafunua, nakaa kwenye kiti chake kusubiri. Juzi kulikuwa na mlinzi mpya. Wenzake walikuwa wameshamfundisha, maskini, hakuwa na kosa. Alinifungulia geti akacheka kidogo, akasema, "Shikamoo, Bi Mapema."

Nikamwambia jina hilo lina mwenyewe. Nikamwambia mwenyewe yuko hai, saa hizi amelala, na aliyemlaza ni mimi.