Kombe Letu na Mtani Aliyefukuzwa

Jamani, leo nina hasira!

Kombe la mpira tumelichukua, Bwana DC katukabidhi mwenyewe. Tukaingia nalo seminari tunaimba. Mzee Mwinyi, mpishi wetu, katoka jikoni mbio, kalipokonya.

"Nyie Wanyamwezi kazi yenu kubeba mizigo! Kombe mmelijulia wapi? Leteni jogoo, ndipo mlipate!"

Tukacheka mpaka basi. Yeye Mzaramo, sisi watani zake tangu babu zetu walipokuwa wakipeleka pembe pwani. Mtani akichukua kitu chako, unakikomboa. Hununi!

Wenzetu wakaenda kutafuta jogoo.

Mara Padri mgeni huyo, mkuu wetu mpya, hata mwezi hajamaliza hapa.

"Mwizi!"

Tukamweleza sote kwa pamoja. Wapi! Kamfukuza palepale, aproni bado kiunoni.

Mwizi? Tulipomzika mwenzetu mwaka jana, nani alijilaza kaburini kwa utani akagoma kutoka, mpaka mama wa marehemu akacheka?

Jogoo kaletwa. Yuko hapa mlangoni pa jiko, kafungwa miguu.

Kombe tungelikomboa kwa huyu. Haya, semeni nyie: Mzee Mwinyi tumkomboe kwa kitu gani?