Msitu Usio na Mizinga

Mimi nimezaliwa Kanyenye, Tabora mjini, kwa watu wa biashara ndogo ndogo, na kwetu mtu akiwa na kitu anakisema. Ukinunua kanga mpya, mtaa mzima utajua kabla ya adhuhuri. Nikaolewa na mrina asali wa upande wa Igalula, nikaingia kwa watu ambao ukimuuliza mwenye mizinga msitu mzima kama anayo, anakujibu, "Labda kagogo kamoja, nako kameoza."

Ndiyo desturi yao. Mzinga hautajwi. Ukiutaja, mwizi atasikia, mwenye kijicho atasikia, na nyuki wenyewe, wanasema, watahama. Mume wangu alirithi mizinga ya baba yake, ya magogo na ya magome, imetundikwa juu ya miti katika msitu wa miyombo nyuma ya kijiji. Tuliishi kwa asali ile na nta yake. Nguo za watoto, chumvi, mafuta ya taa, vyote vilitoka mle. Lakini mimi mkewe, niliyemsongea ugali miaka yote, sikuwahi kuonyeshwa hata mti mmoja.

Basi zikaja siku za vijiji vya ujamaa. Watu wakasogezwa karibu na reli, na kila mkutano ikawa tumbaku, tumbaku. Tumbaku inataka shamba jipya, na mabani ya kuikaushia yanakula kuni usiku na mchana. Macho ya wakubwa yakaangukia msitu wetu. Hapo warina asali, watu wasiofungua mdomo, wakaamka kweli kweli. Wakaenda kwa mwenyekiti, wakaenda wilayani, wakabembeleza: msitu usikatwe, utungiwe sheria. Nami nikafurahi, nikasema kumbe hawa watu wana sauti.

Na wakasikilizwa! Ndicho kinachoniuma hadi leo. Bwana misitu akaja na baiskeli yake, kijana mpole, mgeni wa huku, akaitisha mkutano pale shuleni. Akatueleza vizuri kabisa. Msitu utakuwa hifadhi: hakuna kukata mti, hakuna kulima, hakuna kuingia. Ila mwenye mizinga ndani ajitaje leo, sheria imtambue, apewe kibali cha kuingia kurina.

"Asiyejitaja leo," akasema, "nitajua hana mzinga."

Jamani, hakuna aliyejitaja! Wanaume wazima wanatazama vidole vyao vya miguu. Nikamkanyaga mume wangu mguu, akausogeza. Bwana misitu akaanza kuuliza mmoja mmoja. Huyu hana. Yule naye hana, na shavu limevimba kwa nyuki wa jana. Zamu ya mume wangu ikafika. Akasimama, akavua kofia kwa adabu.

"Mimi sina mzinga," akasema.

Nikashindwa kuvumilia. Nikaruka juu. "Anayo, bwana misitu! Anayo mingi!"

"Iko wapi, mama?"

Wapi! Ningejuaje wapi? Mkutano mzima ukacheka.

Aliyejitaja alikuwa mmoja tu: binamu yangu, mtoto wa shangazi, fundi cherehani aliyetoka mjini kama mimi. Nyuki mmoja akiingia barazani kwake, yeye huacha cherehani na suruali ya mtu akakimbia. Lakini mkutano upite bila yeye kusema neno? Thubutu! "Mimi ninayo," akasema, "mingi mpaka nimesahau idadi." Sisi tulijua ni utani, tukacheka tena. Bwana misitu hakujua, akamwandika.

Nyumbani sikumpa mume wangu nafasi ya kukaa. "Mficha uchi hazai," nikamwambia.

"Nyuki wangehama, mke wangu."

"Na sasa je? Si umehamishwa wewe?"

Akavaa kofia yake, akatoka nje. Alikuwa na tabia hiyo ya kuondoka katikati ya maneno, ilinichosha kuliko ugomvi wenyewe.

Sheria ikapita, kibao kikasimikwa kwenye njia ya msituni, mlinzi akaletwa. Tumbaku haikuingia, sheria naipa haki yake. Hakuna shoka lililogusa mti. Ila msimu wa asali ukafika, na mwenye ruhusa ya kuingia katika msitu ule alikuwa mshona suruali. Wengine walijaribu kupita kwa mlango wa nyuma, wakakamatwa na ndoo zao. Mume wangu akaona hana njia. Akaenda barazani kwa binamu yangu, akaomba awe kibarua wake.

"Shemeji, mimi nilikuwa natania!" Binamu yangu aliona aibu hasa, karibu alie.

"Najua. Lakini kibali ni chako."

Mlinzi naye akatoa sharti: mwenye kibali aje mwenyewe, aonyeshe mizinga yake mmoja mmoja, shina la kila mti lipigwe rangi, alama kwamba mzinga ni wake. Tukaenda siku moja asubuhi, mimi nimebeba ndoo na chakula, maana mchuma janga hula na wa kwao. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona msitu ule kwa ndani. Yarabi, ulikuwa mzuri!

Binamu yangu hakujua aelekee wapi. Mume wangu akatangulia. Akawa anasimama chini ya mti, anainua kidole juu, anasema taratibu, "Huu ni wa fundi." Mbele kidogo, "Na huu wa fundi." Mzinga aliotundika baba yake, na ule aliotundika mwenyewe kabla hajanioa, yote ya fundi. Siri aliyoninyima mimi mkewe aliimwaga yote mbele ya mtu mwenye kopo la rangi.

Tulipofika mwisho, mlinzi akafuta brashi yake kwenye majani, akamgeukia.

"Na wewe, ndugu? Huna wako humu?"

Mume wangu akavua kofia.

"Mimi sina mzinga," akasema.

Safari hii ilikuwa kweli.