Mawe ya Magoli ya Elia

Juzi nilipanda kijijini kwetu Masama kumwona mama, nikakuta watoto wanacheza mpira kwenye njia ya kwetu, magoli yao ya mawe. Mmoja alikuja dirishani mwa gari. "Shikamoo shangazi. Tutoe mawe upite?"

Niliyatazama yale mawe, nikakumbuka mchana mmoja nilipokuwa mtoto.

Mchana ule jikoni kulinuka maziwa yaliyoungua. Kaka yangu Elia alikuwa nchi ya mbali akicheza mpira wa kulipwa, na huko vita vilikuwa vimeanza. Redio ilitaja vikwazo. Baba akaizima.

"Ndege zimezuiwa, na hela yake haitoki benki," alimwambia mama. "Kwa vikwazo hivi, Elia atapitaje?"

Mimi kikwazo nilikijua: ni kitu kinachomkwaza mtu njiani. Nikatoka kimyakimya, nikashuka ile njia kati ya migomba nikiokota kila jiwe na kulitupa mferejini. Niling'oa hata mawe ya magoli, yale aliyoyachimbia Elia mwenyewe alipokuwa akinifundisha penalti. Kucha zilitoka damu.

"Njia iko safi," nilimwambia mama. "Sasa atapita."

Hakunigombeza. Aliniosha vidole kimoja kimoja.

Leo najua vikwazo ni karatasi za wakubwa, haviokotwi. Elia hakurudi, na kaburi lake hatulijui.

"Marahaba," nilimwambia yule mtoto, nikazima gari. "Yaacheni hapo. Nitatembea."