Vidole Viwili kwa Chawa Mmoja

Ijumaa binti yangu wa miaka saba alirudi nyumbani kwetu Kimumu na barua ya mwalimu: ana chawa, anyolewe kabla ya Jumatatu. Nilikasirika nikaikunjakunja. Mwaka uliotangulia matibabu ya saratani yalimwacha kipara, akaizoea kofia hivi kwamba hata nywele ziliporudi hakuwa akiivua shuleni. Sasa zilikuwa zimefika urefu wa kidole. Sikuwa tayari kuzipoteza kwa sababu ya wadudu.

Jumamosi nikamketisha mlangoni penye jua, nikampaka mafuta, nikashika kichana chenye meno yaliyobanana. Nilikuwa na mkono mmoja tu. Wa kushoto ulikuwa kwenye plasta tangu niteleze na kuuvunja katika matope ya banda la ng'ombe.

Chawa wa kwanza alianguka kwenye sahani nyeupe. Tukamkuza kwa simu. Miguu sita, kila mmoja na ndoano ya kukumbatia unywele. Hana mabawa wala haruki, hutambaa tu. Mdomo wa kunyonyea huuficha ndani ya kichwa, akautoa wakati wa kula, na hula mara kadhaa kwa siku. Ndani ya tumbo lake tuliona kitu chekundu.

"Hiyo ni damu yangu?"

"Ni yako."

"Daktari alinitoa damu nikavumilia. Huyu hata hajaniuliza."

Nikambonyeza chawa kwa kidole gumba. Akateleza, akaendelea na safari. Binti yangu akacheka.

"Mum, kidole kimoja hakivunji chawa. Teacher alitufunza."

Akaleta kidole gumba chake, kucha yake ikakutana na yangu. Tukasikia *ta*.

Tuliendelea hivyo siku mbili, mimi nikichana, yeye akiniazima kucha. Mayai yalikuwa yamegandamana na nywele karibu na ngozi, hayasikii kichana. Tuliyavuta moja moja. Shingo iliniuma. Jirani alisema wembe ungemaliza kazi kwa dakika tano. Nikamwambia najua, nikaendelea kuchana.

Jumatatu nilimpeleka mwenyewe. Mwalimu alimvua kofia, akagawanya nywele kwa penseli, mstari kwa mstari.

"Ako sawa," akasema. "Lakini next week nitaangalia tena."

"Angalia tu, mwalimu."

Jioni binti yangu alirudi kichwa wazi. Akasema kofia ameisahau darasani. Sikumtuma airudie.