Bismillahi ya Mbuzi wa Kwanza

Idrisi, mchinjaji wa Siakago, hakuwa mtu wa kunong'ona. Kwa miaka ishirini na sita bismillahi yake ilisikika mpaka kwa muuza mkaa ng'ambo ya barabara, na mbuzi ambaye hakusomewa, nyama yake haikutundikwa dukani. Aliwahi kuwagawia majirani Wakristo mbuzi mzima bure, eti kwa sababu alikohoa katikati ya bismillahi akaingiwa na shaka. Mkewe, Zuleka, alimnunia siku tatu. Mtu gani huyo, jamani, asiyeweza kujisamehe hata kikohozi?

Leo Zuleka angetoa mbuzi kumi ili amsikie akikohoa tu. Idrisi alikuwa amelazwa katika hospitali moja mjini Embu, mdomo umepinda, upande wa kulia umelala, hana neno hata moja. Mkono wa kushoto tu ndio uliokataa kutulia. Ulinyooka kuelekea ukutani, ukaonyesha kitu kisichokuwepo, ukaanguka, ukanyooka tena.

Daktari Wanjugu alitoka chumba cha skani kwa haraka.

"Mama, nimeona picha ya ubongo. Hakuna damu iliyovuja. Ni damu imeganda, ikaziba mshipa. Dawa ya kuyeyusha hilo donge ninayo, lakini inatolewa kabla ya masaa manne na nusu kuisha tangu mtu aanze kuugua. Ikichelewa, inaweza kumvujisha damu kichwani imuue. Mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi?"

Sasa ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Zuleka alikuwa ameagana naye mlangoni saa kumi na moja alfajiri. Masaa matano na nusu yalikuwa yamepita. Akampigia simu Salesio, anayewachuna mbuzi wa Idrisi tangu ujana wake.

"Mzee alianza kuugua saa ngapi hasa?"

"Alikuwa tu sawa, Mama Nadhira. Mbuzi wa kwanza alimchinja saa kumi na mbili. Huyu wa pili, saa moja hivi, ndio akaangusha kisu. Huyo mbuzi hata sasa bado amefungwa hapa anakula majani."

Saa moja! Basi muda bado upo. Zuleka alimgeukia daktari, roho ikimdunda kwa furaha, kisha akarudisha simu sikioni.

"Salesio. Bismillahi ya huyo wa kwanza uliisikia?"

"Mdomo ulicheza tu, mama. Sikusikia kitu. Nikasema labda leo ni koo. Halafu akaenda akakaa kwa stuli, akawa anaonyesha ile nyama na mkono. Nikajua anataka tuharakishe, wateja walikuwa wamejaa. Tukawakatia. Hiyo ndio ilifanya tukupigie saa mbili."

Zuleka akautazama ule mkono wa kushoto ukinyooka kuelekea ukutani. Hakuwa akiharakisha mtu. Alikuwa akiwakataza wasiuze, na wao wakachukua visu wakauza, huku masaa yake yakiisha.

"Mama," daktari akasema, "nipe saa."

Saa moja ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Neno moja tu, na dawa ingeingia mshipani. Alimchukia Salesio, akawachukia wateja wote wa Siakago, akajichukia mwenyewe kwa kuuliza lile swali la pili. Lakini kama Idrisi aliugua njiani kabla ya kufika machinjioni, neno hilo lingemmaliza, na yeye Zuleka ndiye angekuwa amemchinja.

"Saa kumi na mbili hakuweza kusema," akajibu. "Mzima nilimwona mimi, saa kumi na moja."

Daktari Wanjugu aliinamisha kichwa. "Basi hiyo dawa siwezi kumpa. Tutamtunza kwa njia nyingine, mama, lakini sitakudanganya. Sijui kama atasema tena."

Simu ilikuwa bado mkononi. "Salesio, teremsha ile nyama."

"Iliisha, mama. Tumeuza mpaka kichwa."

Zuleka akakata simu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Mkono wa Idrisi ukanyooka tena, safari hii macho yake yakimtazama yeye, yakimsihi. Akaushika kwa mikono yake miwili.

"Tumeiteremsha, baba Nadhira," akamwambia. "Hakuna mtu aliyeuziwa."

Mkono ukatulia.