Pua ya Mama

Leo maji ya bomba hapa kwangu Riruta yametoka yakinuka dawa, nami nikakumbuka foleni ya mitungi kule Soweto West, mtaa wa mabanda nilikokulia.

Mama alikuwa akikaanga samaki kando ya njia, na moshi wa miaka mingi ulikuwa umemwondolea uwezo wa kunusa. Kwa hiyo kunusa maji ilikuwa kazi yangu. Mabomba yalipita ndani ya mtaro wa maji taka, na yakipasuka, uchafu uliingia. Muuza maji akishajaza mtungi wetu, nilipiga magoti, nikaweka pua kwenye mdomo wa mtungi, foleni nzima ikitungoja.

Siku moja ndugu yangu mdogo alikuwa nyumbani, ndio ametoka kuharisha. Nilisikia harufu ya plastiki iliyopigwa na jua, na chini yake, kidogo tu, harufu ya choo.

"Si mazuri," nikasema.

"Huyu mtoto anajua nini?" muuza maji akauliza. "Maji ni safi, mama. Si unaona vile yanang'aa?"

Mama hakuyaangalia maji. Aliniangalia mimi, kisha akainua mtungi, akamwaga yote mtaroni. Wanawake waliokuwa nyuma yetu wakaokota mitungi yao mitupu, mmoja baada ya mwingine, wakaondoka.

Leo Mama amekuja kunitembelea. Nimempa maji kwa glasi. Ameishika, lakini hajanywa. Ananinyooshea glasi puani kwanza, halafu anangoja.