Siku Nilipomwinua Chidawali

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa ya jua kali, wakati wa mavuno, nami nilikuwa kuli wa magunia pale Majengo, Dodoma mjini. Nilikuwa na shingo nene na maneno mengi. Busara ndiyo ilikuwa bado haijafika. Nilifanya kazi na rafiki yangu Chidawali, Mgogo wa Bahi, yeye juu ya lori akipanga magunia, mimi chini nikimrushia. Mimi mtoto wa Kiislamu wa mjini, yeye kila Jumapili kanisani, lakini sahani yetu ya ugali ilikuwa moja.

Makuli tulikuwa na sheria yetu, sijui nani aliitunga. Mtu akianguka, asiachwe chini. Ainuliwe upesi na atembezwe, damu isije ikalala. Anayechelewa kusimama tulimcheka mpaka jioni. Katika kuinua wenzangu mimi ndiye nilikuwa wa kwanza, na nilijisifu kwa hilo.

Basi Chidawali akateleza juu ya magunia ya alizeti, akaanguka kwa mgongo. Nilimkuta amelala, macho wazi.

"Usiniguse kwanza," akasema. "Mgongo unawaka moto."

"Inuka bwana, acha kudeka!"

Nilikuwa nacheka, mwanangu. Nikamtia mikono kwapani, nikamsimamisha. Alipiga ukelele, kisha akaniuliza miguu yake imekwenda wapi. Tukamkalisha kwenye mkokoteni, kichwa kikiyumba, tukamsukuma mpaka hospitali.

Baada ya mgongo kupigwa picha, daktari mmoja mtu mzima alituita, mimi na mama yake Chidawali, karibu na kitanda. Akatueleza taratibu. Mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katikati yake unapita ugwe laini unaopeleka habari miguuni. Pingili ikivunjika, vipande vyake ni vikali. Mgonjwa akilazwa sawa, ugwe huenda ukasalimika. Akikunjwa, vipande vinaweza kuukata, na ukishakatika hakuna fundi wa kuuunga.

"Kabla hajainuliwa, miguu ilikuwa inacheza?" akauliza. "Na ni nani aliyemwinua?"

Nilikuwa nimekiona kidole gumba cha mguu wa Chidawali kikicheza kwenye ndala kabla sijamwinua. Nikaangalia sakafu.

"Niliinuka mwenyewe, daktari," Chidawali akasema.

Mama yake akanishika mkono. "Ahsante, baba, kwa kumleta mwanangu. Mungu akulipe." Nikaitikia amina. Nilitamani ardhi inimeze.

Walimfanyia upasuaji, wakazifunga pingili kwa vyuma. Kwa ujinga wangu nikadhani vyuma vitarudisha miguu. Muuguzi akaniambia vyuma hushika mfupa tu usizidi kuhama. Wengine, akasema, mfupa wao haukuhama na ugwe ni mzima, hao hupona kwa kulala na kuvaa mkanda mgumu. Chidawali hakuwa miongoni mwao. Alihitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili asipate vidonda, na mpira wa kutolea mkojo, na mazoezi ya mikono. Nilijifunza kumgeuza bila kumkunja. Nilijifunza nimeshachelewa.

Aliishi Kizota miaka mingi kwenye kiti cha magurudumu, akishona viatu. Siku moja nikajaribu kulisema kosa langu. Akanikatiza.

"Kwani mikono yako siijui? Nyamaza, mama yuko jikoni."

Nikanyamaza. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yake, lakini ulikuwa woga. Mwaka huu kidonda cha kalio, cha kukaa sana, kiliingiwa na sumu, tukamzika kwao Bahi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami niliyeficha kosa nikaumbuka mbele ya kaburi. Arobaini ilipopita nilimwendea yule mama. Nilimkuta akipepeta uwele. Nikamwambia yote, mpaka kile kidole.

Akaweka ungo chini. Kisha akasema, "Usiniite tena mama. Lakini nenda kawaambie hao wanaopakia sasa."

Ndiyo maana nakwambia wewe, unayepakia magunia sasa. Mtu akianguka kutoka juu au akigongwa na pikipiki, akalalamika mgongo au shingo, au akasema miguu ina ganzi, mwache alipolala, isipokuwa moto au gari linamjia. Usimkalishe, usimnyweshe maji, na usithubutu kumbana katikati kwenye bodaboda. Mmoja wenu apige magoti, ashike kichwa chake kwa mikono miwili kisigeuke, wengine waite hospitali. Msaada ukikosekana kabisa, ng'oeni hata mlango, mumlaze juu yake kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda sawasawa kama gogo. Wakicheka, waache wacheke. Na daktari akikuuliza, sema ulichokiona, hata kama kinakuaibisha, tena siku hiyohiyo. Mimi nilisema baada ya mazishi, na yule wa kunisamehe alikuwa ameshalala kaburini.

Mungu autunze mgongo wako, mwanangu, na migongo ya wenzako. Akupe nguvu za kubeba, na akupe moyo wa kungoja mwenzako anapokwambia usimguse. Amina.